Leza ya kupima unyumbufu wa konea: nikubali kushiriki jaribio lake?

Swali: *Shikamoo daktari. Nina miaka 24, navaa miwani ya −6.00 macho yote mawili, na mara mojamoja lenzi laini za kuvaa machoni. Nataka kufanyiwa LASIK, ule upasuaji wa leza wa kuachana na miwani. Dada yangu ana keratokonasi, ule ugonjwa wa konea (kioo cha mbele cha jicho) kukonda na kuchomoza. Mimi ramani za konea zangu wamesema ni za kawaida, unene ni maikroni 505 kulia na 508 kushoto. Sasa hospitali inayonihudumia imeniomba nishiriki kujaribu kifaa kipya cha leza cha kupima unyumbufu wa konea. Wanasema hakigusi jicho, kinatumia kitu kinaitwa Brillouin. Naogopa leza isije ikaniunguza, na kama kweli ni salama mbona bado kinajaribiwa? Kikisema konea yangu ni laini, ndiyo tayari nina ugonjwa wa dada? Kikisema ni ngumu, niende LASIK bila wasiwasi? Rafiki yangu anasema ile mashine ya kupuliza upepo inatosha, eti inapima kitu kilekile.*

Jibu: Marahaba. Nikupe kwanza jibu fupi. Leza ya kifaa hicho haikati wala haichomi, na ukikidhi masharti ya jaribio unaweza kushiriki. Lakini matokeo yake, yakufurahishe au yakutishe, yasiwe ndiyo yanayoamua LASIK yako. Kwenye barua yako kuna namba ulizozitaja kwa kupita tu ambazo zinanishughulisha kuliko kifaa chenyewe. Nitazifikia.

Hofu ya kuungua inakuja kwa sababu watu huweka leza zote kapu moja. Inayochonga konea wakati wa LASIK ni leza ya eksima, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Hiyo hutoa mapigo ya mionzi ya urujuanimno yanayovunja vifungo vya molekuli juu ya tishu, tabaka kwa tabaka. Inayokata kile kifuniko chembamba cha juu ya konea, kinachofunuliwa kabla ya kuchonga, ni ya femtosekunde: inabana nishati katika muda mfupi mno hadi tishu inaachana pale pale ilipolengwa. Leza ya kupimia kwa njia ya Brillouin haifanyi lolote kati ya hayo. Mwanga wake hautoki kwa mapigo, ni wa mfululizo. Mara nyingi ni wa nanomita 780, mpakani mwa wekundu na infraredi, ndiyo maana utaona wekundu hafifu tu. Nguvu yake kwenye jicho ni ya kiwango cha miliwati moja au chache. Konea ni angavu kwa mwanga huo, kwa hiyo karibu wote unapita bila kuacha joto la kuhesabika.

Kama kuna mahali pa kuuliza maswali ya usalama, basi ni nyuma, kwenye retina. Mwanga hukutanishwa ukawa nukta ndogo ndani ya konea, kisha unatanuka kadiri unavyoelekea nyuma, hata ufikapo kwenye retina umeshatawanyika juu ya eneo kubwa zaidi. Hilo linasaidia, ila wapimaji wa usalama hawaruhusiwi kuliegemea. Viwango vya IEC 60825-1 kwa leza na ISO 15004-2 kwa vifaa vya macho vinataka hesabu ifanywe kwa hali mbaya kuliko zote: jicho limekaa mbali kuliko inavyotakiwa, halisogei, na mwanga unawaka muda wote. Ukitaka kuuliza swali moja la kitaalamu siku hiyo, uliza nguvu ya mwanga inapimwa wapi na lini. Jibu zuri ni kwamba inapimwa pale mwanga unapotokea kuelekea jichoni, kwa mita, kabla ya washiriki wa siku hiyo. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwandani haitoshi, kwa sababu kichujio kikiondolewa wakati wa matengenezo nguvu inayofika jichoni inaweza kupanda na karatasi ikabaki vilevile. Pia kiwepo kizuizi kinachojifunga chenyewe umeme ukikatika au programu ya kompyuta ikiganda.

Sasa, kifaa kinapima nini hasa? Hapa ndipo penye kutoelewana kwingi, hata miongoni mwa madaktari.

Molekuli za kitu chochote hazitulii. Joto huzitikisa, na mitikisiko hiyo husafiri ndani ya tishu kama mawimbi ya sauti ya masafa ya juu mno, mbali kabisa na uwezo wa sikio. Mwanga ukiingia, sehemu ndogo sana yake hugonga mawimbi hayo na kurudi. Unaorudishwa na wimbi linalokuja upande wake hurudi na masafa yaliyopanda kidogo. Unaorudishwa na wimbi linaloondoka hurudi yameshuka, kama honi ya gari inavyosikika nyembamba likikujia na nzito likishakupita. Mfaransa Léon Brillouin alilieleza jambo hili kinadharia mwaka 1922, Leonid Mandelstam akalifikia kivyake na kulichapisha mwaka 1926, na Evgenii Gross akaliona maabara mwaka 1930. Kulipeleka kwenye jicho kulichukua miongo mingi. Giuliano Scarcelli na Seok Hyun Yun, wakiwa Boston, walionyesha mwaka 2008 namna ya kupata picha za ugumu wa tishu kwa njia hii, na mwaka 2012 vikachapishwa vipimo vya jicho la mtu aliye hai.

Ukubwa wa badiliko la masafa unategemea kasi ya sauti ndani ya tishu. Konea hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.376, na sauti hupita ndani yake kwa takriban mita 1,600 kwa sekunde. Zidisha hizo mbili, zidisha tena kwa mbili, gawanya kwa nanomita 780, utapata takriban gigahezi 5.6. Ni namba kubwa kwa maneno tu. Mwanga wenyewe unatetema karibu mara trilioni 384 kwa sekunde, kwa hiyo kifaa kinatafuta badiliko la sehemu moja kati ya 68,000 hivi. Tena hiyo ni kuiona konea tu. Tofauti kati ya konea nzima na iliyolegea ni makumi ya megahezi, na kwa ugonjwa uliokwisha kuenea inaweza kukaribia mia moja. Kutofautisha megahezi 10 ni kutambua badiliko la sehemu moja kati ya milioni 38. Kazi hiyo hufanywa na kioo chembamba kilichopakwa pande zote mbili, ambacho hurudisharudisha mwanga ndani kwa ndani hadi masafa yaliyokaribiana mno yatengane, kisha kamera nyepesi sana kuhisi mwanga huyapiga picha. Kwenye skrini unaona vidoa viwili vya mwanga, kimoja kila upande. Mshiriki akipepesa, vidoa vinapotea. Nukta ya leza ikitoka nyuma ya konea na kuingia kwenye maji ya jicho, vinaruka kutoka takriban gigahezi 5.7 hadi takriban 5.2, na hapo mpimaji anajua konea imeishia wapi.

Kasi ya sauti ikijulikana, unapata moduli ya longitudo: densiti mara kasi hiyo kwa kipeo cha pili. Kwa konea ni kama gigapaskali 2.7. Lakini ukikata ukanda wa konea ukauvuta kwenye mashine ya maabara, ugumu wake, ile moduli ya Young, unahesabiwa kwa mamia ya kilopaskali au megapaskali chache. Tofauti ni mara mamia hadi maelfu. Si kwamba mmoja wao amekosea. Wimbi la sauti la masafa hayo linabana tishu kwa sehemu ndogo ya nanosekunde, muda ambao maji yaliyomo hayana pa kukimbilia, na maji hayabaniki kirahisi. Ukivuta ukanda taratibu, maji yanasogea na nyuzi za kolajeni ndizo zinazobeba mzigo. Matokeo yake ni kwamba ugumu wa kuvuta unaweza kupungua nusu nzima na moduli ya longitudo ikasogea asilimia chache tu. Kwa hiyo mtu akikuambia kifaa hiki "kinapima ugumu wa konea", amesema ukweli nusu. Kinapima kasi ya sauti, na kasi hiyo katika konea huenda sambamba na ugumu ikiwa mambo mengine hayakubadilika.

Na mambo mengine hubadilika, hasa maji. Mwaka 2018 jarida la Nature Methods lilichapisha utafiti wa jeli uliodai kwamba katika vitu vyenye maji mengi, kipimo cha Brillouin kinatawaliwa na kiasi cha maji kuliko ugumu. Wenye upande wa pili wakajibu kwamba ndani ya tishu ya aina moja, yenye maji yanayokaribiana, uhusiano na ugumu bado upo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja, na kwa konea hoja hiyo si ya vitabuni. Konea huvimba usiku macho yakiwa yamefumbwa na kurudi hali yake katika saa za kwanza baada ya kuamka. Lenzi za kuvaa machoni huivimbisha pia. Konea iliyovimba itasomeka "laini" bila kuwa na ugonjwa wowote. Joto nalo lina sehemu yake: kwa maji matupu, kila nyuzi moja ya Selsiasi husogeza kipimo kwa megahezi 7 hadi 10 hivi. Chumba kilichobadilika joto kwa nyuzi tatu, na kifaa hakijasahihishwa upya kwa maji na plastiki zenye vipimo vinavyojulikana, kinaweza kutengeneza "ugonjwa" kwenye karatasi.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la kwa nini kifaa salama kinajaribiwa. Usalama na ukweli wa kipimo ni mambo mawili. Usalama huthibitishwa kwa hesabu, mita na mabenchi ya maabara kabla wewe hujaitwa. Kinachobaki ni kujua kama namba inayotoka inamaanisha tunachodhani inamaanisha.

Jaribio lililopangwa vizuri hupanda ngazi kwa ngazi. Huanza na vimiminika ambavyo kasi ya sauti ndani yake inajulikana. Kisha macho ya nguruwe yaliyochukuliwa siku hiyohiyo, na hapa kuna kipengele kinachotenganisha kazi makini na kazi ya haraka. Wapimaji hupenda kuikaza konea kwa riboflavini (vitamini B2) na mionzi ya urujuanimno ya nanomita 365, miliwati 3 kwa kila sentimita mraba kwa dakika 30, kisha waone kama kifaa kinatambua ukakamavu huo. Tatizo ni kwamba mchanganyiko wa riboflavini wenye dekstrani, aina ya sukari nzito, hunyonya maji ya konea, na konea iliyokaushwa husomeka ngumu hata kama mionzi haikuigusa. Njia ya kukwepa mtego huo ni kuloweka konea nzima, kisha kufunika nusu yake mionzi isiifikie. Nusu mbili zikiwa na maji sawasawa, tofauti inayobaki ndiyo ya kuaminika, na inapaswa kuonekana zaidi sehemu ya mbele ya konea na kufifia kadiri unavyoingia ndani. Kifaa kikionyesha kukaza sawasawa hadi nyuma kabisa, pana kasoro mahali.

Baada ya hapo ni macho ya watu wazima wenye afya, na swali ni moja: ukimpima mtu yuleyule mara tatu, akiondoa kidevu na kukaa upya kila mara, na wapimaji wakibadilishana, namba zinarudi palepale? Tuseme mtawanyiko wa kawaida wa vipimo vya mtu mmoja ni megahezi 5. Zidisha kwa 2.77, kizidisho cha kitakwimu cha kulinganisha vipimo viwili, unapata karibu 14. Maana yake tofauti yoyote iliyo chini ya megahezi 14 kati ya kipimo cha leo na cha mwaka kesho haiwezi kuitwa badiliko. Uliza hiyo namba. Wasipokuwa nayo, hicho ndicho wanachokitafuta kwako, na hakuna ubaya, ila wasikupe matokeo kana kwamba wanayo.

Ngazi inayofuata ndiyo inayokuhusu. Ni rahisi mno kifaa kung'ara kikilinganisha konea za wagonjwa walioendelea sana na za watu wazima wasio na tatizo, lakini wagonjwa hao hata ramani ya kawaida inawatambua. Mtihani wenyewe ni kwa watu kama wewe: ramani safi, lakini ndugu wa damu ana ugonjwa. Ndiyo sababu wanakuhitaji, na ndiyo sababu hawawezi bado kukupa hukumu. Hawajui ni nani kati yenu ataugua mpaka miaka ipite.

Nikuonyeshe kwa mfano wa kubuni. Chukua watu 1,000 wenye hali kama yako, na tuseme 50 kati yao wataugua. Kifaa kiwe kizuri sana: kinawakamata asilimia 90 ya watakaougua na kuwaachia asilimia 90 ya wasio na shida. Kitawapigia kengele 45 kwa haki, na wengine 95 bure. Ukiwa miongoni mwa hao 140 walioambiwa "laini", uwezekano wa kuwa kweli una ugonjwa ni kama theluthi moja. Kwa hiyo hapana, kuambiwa konea ni laini si kuambiwa una keratokonasi. Ni sababu ya kufuatiliwa kwa karibu. Na watano ambao wangeambiwa ni wazima wakati si wazima, wangekwenda LASIK wakiwa na furaha. Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi.

Ukipewa ramani ya kifaa hiki, usikazie macho wastani wa jicho zima. Wastani wa mtu mmoja na mwingine hupishana kwa umri, joto na maji. Katika keratokonasi kinachoonekana ni doa: sehemu moja imeshuka kuliko majirani zake, mara nyingi kati kuelekea chini, na jicho moja limetangulia lingine. Kulinganisha sehemu za jicho moja, dakika ileile, kunafuta makosa mengi ya joto na maji. Hata hivyo si yote. Nyuzi za kolajeni zimelala kwa mwelekeo, na pembe ambayo mwanga unaingilia hubadilisha kipimo, kwa hiyo ukingo wa konea ukipimwa kwa pembe tofauti na katikati unaweza kuonekana tofauti bila sababu ya kiafya. Nukta inayopimwa ikipanda nusu kwenye konea na nusu kwenye maji ya jicho, nayo itatoa "ulaini" wa uongo. Waulize kama nukta za aina hiyo huondolewa kabla ya kutengeneza ramani.

Kuhusu rafiki yako: hajakosea sana, ila vitu hivyo viwili havifanani. Mashine za upepo, kama ORA na Corvis ST, husukuma konea kwa pumzi ya hewa na kuangalia inavyobonyea na kurudi. Corvis hupiga zaidi ya picha 4,000 kwa sekunde. Hapo unapata mwitikio wa jicho zima: ugumu wa konea, unene wake, shinikizo la ndani ya jicho, na hata ukuta mweupe unaoizunguka, vyote vimechanganyika. Faida yake ni kwamba huo ni mzigo halisi, unaofanana na ule konea inaoubeba, na vifaa vyake vimeshatumika kliniki miaka mingi. Hasara ni kwamba haukuonyeshi doa liko wapi. Brillouin inaonyesha doa kwa kina na upana bila kusukuma chochote, lakini inapima kitu kilicho mbali zaidi na mzigo halisi. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kimoja tu kwa mtu anayetaka upasuaji leo, ningechagua ramani nzuri ya mbele na nyuma ya konea pamoja na ramani ya unene wa tabaka la juu la seli, kabla ya vyote viwili.

Ukikubali kushiriki, maandalizi yako yana uzito. Acha lenzi laini angalau wiki mbili kabla (za aina ngumu huachwa wiki nne au zaidi). Panga kipimo kifanyike baada ya kupita muda wa saa tatu au zaidi tangu uamke. Usitie dawa ya macho asubuhi hiyo bila kuwaambia. Omba kipimo cha leza kifanyike kabla ya kupimwa shinikizo la jicho na kabla ya matone ya ganzi, kwa sababu vyote viwili husumbua tabaka la juu na utando wa machozi. Utakaa kidevu kwenye kiegemeo, paji la uso likigusa mkanda, ukitazama taa ndogo. Kila nukta huchukua sehemu ndogo ya sekunde, lakini nukta ni nyingi, na mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma ya konea hula sekunde kadhaa. Ukipepesa au jicho likihama, mstari huo unarudiwa. Pepesa kwa uhuru kati ya mstari na mstari. Anayejikaza asipepese konea yake hukauka, na tumeshaona ukavu hufanya nini. Kama una ujauzito au unanyonyesha, sema mapema, kwa kuwa homoni hubadilisha konea na majaribio mengi hayawachukui wajawazito.

Fomu ya ridhaa isome nyumbani, si ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Tafuta mambo haya ndani yake: jina la kamati ya maadili iliyoidhinisha, nani atagharimia ukidhurika, data zako zitakaa wapi na kwa jina au kwa namba, na kama utaambiwa wakigundua kitu cha kutia shaka. Iseme waziwazi kwamba ukikataa au ukijitoa katikati, huduma yako hospitalini hapo haibadiliki. Mtu akikudokezea kwamba upasuaji wako utaharakishwa ukishiriki, usiweke sahihi.

Sasa zile namba zako. Kurekebisha −6.00 kwa eneo la milimita 6 huondoa, kwa hesabu ya kawaida, kama maikroni 72, na leza nyingi huongeza kidogo kwa ajili ya kulainisha kingo, tuseme 85. Kifuniko kikiwa cha 110, tishu iliyoguswa ni 195 kati ya 505, yaani karibu asilimia 39. Wapasuaji wengi huanza kuogopa kuanzia asilimia 40. Itabaki chini ya kifuniko kama maikroni 310, juu ya kile kiwango cha chini cha 250 kinachotajwa vitabuni na karibu sana na 300 wanachopendelea waangalifu. Ukiangalia kila namba peke yake, unapita. Ukiziweka pamoja na umri wa miaka 24 na dada mwenye keratokonasi, mimi nisingekufanyia LASIK sasa, hata kifaa kipya kingesema konea yako ni chuma. Sehemu ya mbele ya konea ndiyo yenye nguvu zaidi, na kifuniko kikishakatwa hakirudi kubeba mzigo kama zamani.

Una njia nyingine. PRK, ambayo leza huchonga juu ya konea moja kwa moja, haikati kifuniko, kwa hiyo inaacha tishu nyingi zaidi, lakini bado inachonga konea ambayo hatuna uhakika nayo. SMILE, ambayo kipande chembamba cha konea hutolewa kupitia mkato mdogo, nayo inaondoa tishu. Lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi yako ya asili, haiipunguzi konea kabisa na kwa −6.00 inafaa, mradi nafasi ya mbele ya jicho iwe takriban milimita 2.8 hadi 3 au zaidi. Ni upasuaji wa ndani ya jicho, kwa hiyo una hatari zake za mtoto wa jicho na shinikizo. Ya nne ni kusubiri na miwani, ukirudia ramani kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa miaka miwili. Mimi ningeanza na hiyo ya mwisho. Na usisugue macho. Kama yanakuwasha, tibu mzio wenyewe.

Nenda kwa daktari wa macho ana kwa ana, bila kusubiri tarehe ya jaribio, ukiona astigimatizimu imeongezeka kwa dayopta moja au zaidi ndani ya mwaka, au taa za usiku zinaota vivuli hata ukifumba jicho moja, au miwani mipya haikupi tena uoni uliokuwa nao. Maumivu ya ghafla pamoja na ukungu mweupe kwenye konea ni dharura ya siku hiyohiyo. Baada ya kipimo cha leza, mng'ao wa kukaa machoni kwa dakika chache ni kawaida. Doa jeusi lisiloondoka, wekundu au maumivu yanayopita saa 24, wapigie waliokupima na uonwe retina yako kwa matone ya kutanua mboni.